Uchaguzi wa Hesse 2008: maswali yanayoulizwa mara kwa mara kuhusu jimbo lililopiga kura likakosa serikali

Kila Wajerumani wakiwa na uchaguzi wa jimbo maswali yanarudi yale yale: nani kashinda, mbona hajaapishwa, hizo asilimia 5 ni za nini, kwanini wa kwanza yuko upinzani. Mimi naona kuelezea juu juu hakusaidii, bora kuchukua uchaguzi mmoja na kuufuata mpaka mwisho wake, na hakuna unaofundisha kama ule wa Hesse wa tarehe 27 Januari 2008. Nimekusanya maswali hapa, mengine nayajibu kwa kifupi, mengine yana maneno mengi kidogo, mnivumilie.

Hesse ndo wapi?

Katikati ya Ujerumani kuelekea magharibi. Makao makuu ni Wiesbaden, ila wengi wanaijua kwa ajili ya Frankfurt, mabenki yake na ule uwanja wa ndege ambao wengi wetu tumepita. Watu kama milioni 6. Ujerumani ina majimbo 16, na kila jimbo lina bunge lake, wenyewe wanaliita Landtag, lina waziri mkuu wake, na mambo ya shule, vyuo na polisi yako mikononi mwa jimbo na sio Berlin. Kwahiyo usiuchukulie kama uchaguzi wa diwani.

Haya, nani alishinda 2008?

Hapo ndo penyewe. CDU, wahafidhina waliokuwa madarakani chini ya Roland Koch, walipata asilimia 36.8. SPD, wanademokrasia ya kijamii wakiongozwa na mama Andrea Ypsilanti, asilimia 36.7. Kila chama kilikuwa na kura milioni moja na kidogo, na tofauti yao ilikuwa kama kura 3,500 hivi, jimbo zima! Viti vikaja 42 kwa 42.

Na usiku wenyewe ulikuwa wa presha kwelikweli. Kura Ujerumani zinafungwa saa 12 jioni, na dakika hiyo hiyo televisheni zinatoa makadirio, na makadirio yalikuwa yanaipa SPD nafasi ya kwanza, Ypsilanti akapanda jukwaani watu wanapiga kelele wanashangilia, yeye mwenyewe anasema chama kimerudi. Halafu kadri masaa yanavyoenda pengo linapungua, linapungua, mpaka usiku matokeo yanakamilika CDU ikawa mbele kwa hiyo 0.1. Sasa kumbuka mwaka 2003 Koch alikuwa na asilimia 48.8 na anatawala peke yake, yaani kapoteza 12 nzima, wakati SPD ilitoka 29.1. Wa kwanza alionekana mgonjwa na wa pili alionekana ndo bingwa.

Si wa kwanza ndo anaunda serikali?

Hapana, na hili ndo linalowachanganya watu wetu wengi waliozoea rais anachaguliwa moja kwa moja. Hakuna sheria inayosema chama cha kwanza ndo kitawale. Waziri mkuu wa jimbo anachaguliwa na wabunge, kwa kura ya siri, na anahitaji zaidi ya nusu ya wabunge wote. Bunge la Hesse mwaka ule lilikuwa na viti 110, kwahiyo namba ya kukumbuka ni 56. Shika hiyo 56 maana kila kitu huko chini kinarudi kwake.

Viti vilikaa hivi: CDU 42, SPD 42, FDP (waliberali, chama cha watu wa biashara) 11, chama cha Kijani 9, na chama cha mrengo wa shoto, Die Linke, 6. CDU na FDP ambao walishakubaliana kabla ya uchaguzi: 53. SPD na Kijani ambao nao walishakubaliana: 51. Hamna anayefika 56.

Kwanini kila mtu anapiga kura mbili?

Kura ya kwanza ni ya mtu, mbunge wa eneo lako, Hesse ina maeneo 55. Kura ya pili ni ya chama, na hii ya pili ndo nzito, maana ndo inayoamua chama kitakuwa na viti vingapi kwa jumla. Wapo wengi tu, hata Wajerumani wenyewe, wanaodhani ya kwanza ndo muhimu zaidi kwa sababu imeitwa ya kwanza.

Na hiyo asilimia 5?

Chama kisichofika asilimia 5 ya kura za pili hakiingii bungeni, kura zake zinaenda na maji. Mwaka 2008 Die Linke walipata 5.1. Fikiria kidogo: wangepungukiwa na kama 0.2 tu, viti vingegawanywa kwa vyama vinne, na CDU pamoja na FDP (36.8 na 9.4) wangewazidi SPD na Kijani (36.7 na 7.5), Koch angerudi ofisini bila shida na leo hakuna ambaye angekuwa anauliza chochote kuhusu Hesse. Watu wanaangalia zile kura 3,500 za juu, mimi naona kilichoamua kila kitu kilikuwa pale chini kwenye asilimia 5.

Kampeni ilikuwaje mpaka Koch akaanguka vile?

Mbaya, na nasema hivi kama mtu ninayejali. Desemba 2007 kule Munich, ambako hata sio Hesse, vijana wawili, mmoja Mturuki mmoja Mgiriki, walimpiga vibaya sana mzee mmoja mstaafu kwenye stesheni ya treni ya chini ya ardhi, kamera zikarekodi, nchi nzima ikaona. Ni unyama, hakuna wa kuutetea. Koch akalibeba tukio lile akalifanya kampeni, kwamba Ujerumani ina vijana wahalifu wengi mno wa kigeni. Baadaye CDU wakatoa bango linalosema wazuieni Ypsilanti, Al-Wazir na wakomunisti. Angalia majina yaliyochaguliwa. Ypsilanti amezaliwa Rüsselsheim, baba yake alikuwa mfanyakazi wa Opel, jina ni la mume wake wa zamani Mgiriki. Tarek Al-Wazir, kiongozi wa Kijani, amezaliwa Offenbach, mama Mjerumani, baba wa Yemen. Wote wawili ni watoto wa Hesse, lakini majina yao yakawekwa ukutani kama kitisho.

Na wala haikuwa mara ya kwanza. Mwaka 1999 Koch aliingia madarakani kwa kukusanya saini barabarani kupinga uraia pacha, watu wakapanga foleni kusaini, na ushindi ule wa Februari 1999 ulifanya serikali ya taifa ikose wingi kwenye baraza la majimbo, sheria ya uraia ikabidi ipunguzwe makali. Mwaka 2008 alidhani dawa ile ile itafanya kazi. Haikufanya, wapiga kura walikuwa wanawaza zaidi shule za watoto wao na ada ya chuo.

Mbona vyama visiungane tu, si kuna serikali za mseto?

Hesabu zilikuwepo, nia ndo haikuwepo. Wajerumani wanaita miseto kwa rangi: CDU weusi, SPD wekundu, FDP njano, Kijani ni kijani. Weusi na wekundu pamoja ni viti 84, wanatosha na kubaki, ila SPD hawakutaka kumsikia Koch. Weusi, njano na kijani wanauita Jamaika kwa sababu ya bendera, viti 62, Kijani wakasema baada ya lile bango haiwezekani kumpa Koch kura. Wekundu, njano na kijani, ule wa taa za barabarani, nao 62, lakini FDP ya Jörg-Uwe Hahn ilishaahidi wapiga kura kuwa itaenda na CDU tu, ikakaa pale pale. Kila mlango ulikuwa na mtu ndani ameufunga kwa ahadi ya kampeni. Ukabaki mmoja: wekundu, kijani na Die Linke, viti 57. Moja tu juu ya 56.

Basi si wachukue huo?

Shida ni kwamba Ypsilanti aliahidi kabla ya uchaguzi, tena zaidi ya mara moja, kwamba hatofanya kazi na Die Linke kwa namna yoyote. Kwa Wajerumani wengi wa magharibi Die Linke kilikuwa na mizizi kwenye chama kilichotawala Ujerumani Mashariki, kile kilichojenga ukuta, kwahiyo ahadi hiyo haikuwa ya mapambo. Halafu siku chache kabla ya uchaguzi wa Hamburg wa tarehe 24 Februari, mwenyekiti wa SPD taifa, Kurt Beck, akaanza kudokeza kwamba labda Ypsilanti anaweza kuchaguliwa kwa kura zao. Mwanzoni mwa Machi Ypsilanti mwenyewe akasema wazi atajaribu: serikali ya SPD na Kijani, Die Linke wanabaki nje ila wanaiunga mkono bungeni. Neno moja likajaa magazetini, Wortbruch, kuvunja neno. Na likamng'ang'ania mpaka mwisho.

Dagmar Metzger ni nani?

Mbunge wa SPD kutoka Darmstadt ambaye alisimama akasema hapana. Alikulia Berlin Magharibi, mji uliozungushiwa ukuta, na akasema aliwaambia wapiga kura wake hatoshirikiana na Die Linke na neno lake liko pale pale. Toa mmoja kwenye 57 unabaki na 56. Kwenye karatasi inatosha bado, lakini Ypsilanti akasitisha ule mpango wa Machi.

Kwanini asitishe kama 56 zinatosha?

Kwa sababu kura ni ya siri na wote walikuwa na kumbukumbu ya Kiel. Machi 2005, jimbo la Schleswig-Holstein ambalo makao yake makuu ni Kiel, Heide Simonis wa SPD, mwanamke wa kwanza kuwa waziri mkuu wa jimbo Ujerumani, aliingia bungeni akiwa na wingi wa kura moja. Wakapiga kura, ikapungua moja. Wakarudia, moja ile ile. Mara ya tatu, mara ya nne. Mtu mmoja wa upande wake, aliyekaa naye kwenye vikao, alikuwa anamnyima kura na hajajulikana hadharani mpaka leo. Simonis akaondoka kwenye siasa za juu na CDU ikachukua uwaziri mkuu. Ukishaona vile, 56 kati ya 56 zinazohitajika sio namba ya kulalia usingizi.

Sasa nani alikuwa anatawala Hesse muda wote huo?

Koch! Katiba ya Hesse inasema bunge jipya likikutana serikali ya zamani inajiuzulu lakini inaendelea na kazi mpaka ipatikane nyingine, na haiweki siku ya mwisho. Majimbo mengine yanaweka, kwa mfano Baden-Württemberg ni miezi mitatu, ikipita bunge linavunjwa. Hesse hamna kitu kama hicho, kwahiyo kuanzia tarehe 5 Aprili 2008 Koch alikuwa waziri mkuu wa muda asiye na wingi bungeni, na hakuweza kuteua mawaziri wapya. Waziri wa elimu alipoondoka, waziri wa sheria Jürgen Banzer akabebeshwa wizara zote mbili.

Na hapa kuna jambo tamu ambalo wanafunzi wetu wanapaswa kulijua. SPD, Kijani na Die Linke hawakuweza kuunda serikali, lakini kutunga sheria waliweza, wingi si walikuwa nao. Serikali ya Koch ilikuwa imeweka ada ya euro 500 kwa muhula vyuo vikuu, na Juni 2008 bunge likaifuta. Mara ya kwanza sheria ilipita ikiwa na kosa, kuna kipengele kilisahaulika, Koch akakataa kusaini, wakarudi wakarekebisha wakapitisha tena ndani ya wiki mbili. Mwanafunzi mzungumzaji wa Kiswahili aliyesoma Frankfurt, Marburg, Gießen au Kassel baada ya hapo bila hiyo ada, ilitokana na bunge lile lililoshindwa kuchagua waziri mkuu. Kwahiyo msiseme mwaka ule ulipotea bure.

Novemba 2008 kulitokea nini?

Ypsilanti alijaribu tena, safari hii kwa utaratibu. Majira yote ya joto mikutano mikoani, mazungumzo na Kijani, mkataba wa mseto ukaandikwa, tarehe 1 Novemba mkutano mkuu wa SPD kule Fulda wajumbe karibu wote wakaupitisha. Kura bungeni ikapangwa Jumanne tarehe 4.

Jumatatu tarehe 3, masaa kama 24 kabla, wabunge wanne wa SPD wakaita waandishi wa habari Wiesbaden: Metzger tena, na sasa Jürgen Walter, Carmen Everts na Silke Tesch. Wakasema hawatompigia. 57 toa 4 ni 53, kwisha. Walter alikuwa naibu wa Ypsilanti kwenye chama, mwaka 2006 walishindania nafasi ya kuwa mgombea wa chama, Walter akashindwa kwa kidogo sana, na aliupinga mkataba waziwazi, hasa mambo ya kupanua uwanja wa ndege wa Frankfurt, na wizara ya uchumi ilikuwa inaenda kwa Hermann Scheer, mtu wa nishati ya jua. Siku kumi na sita baadaye, tarehe 19 Novemba, bunge likajivunja lenyewe.

Walikuwa wasaliti au walifuata dhamira?

Naulizwa sana hili na najua jibu langu halimpendezi kila mtu. Kisheria mbunge wa Ujerumani hafungwi na amri ya chama, anawakilisha watu wote, kwahiyo hakuna kosa walilotenda. Metzger mimi namheshimu kabisa, alisema Machi, akarudia kila alipoulizwa, alivumilia presha ya chama miezi nane na alichosema ndicho alichoahidi. Wale watatu ni hadithi nyingine. Everts na Tesch walishiriki hatua zote, Walter alikaa mezani wakati mkataba unajadiliwa, halafu wanasema siku moja kabla. Dhamira inaweza kuchelewa kuamka, sikatai, lakini kulikuwa na watu wamefanya kazi miezi wakiamini hesabu ambayo haikuwepo.

Na Ypsilanti? Sera zake nyingi nilizipenda. Ila ahadi ile hakulazimishwa kuitoa. Angesema tu kabla ya Januari "tutaangalia matokeo", labda angepoteza kura kadhaa, lakini asingeanza kazi huku amebeba neno lililovunjika.

Uchaguzi wa marudio ulienda vipi?

Ulikuwa tarehe 18 Januari 2009. SPD ikamweka Thorsten Schäfer-Gümbel, wakati huo hajulikani, ikapata asilimia 23.7, yaani imeporomoka pointi 13 ndani ya mwaka mmoja tu. Jioni ile ile Ypsilanti akaachia uongozi. Lakini angalia na upande wa pili: Koch alipanda mpaka 37.2 tu, karibu na pale pale. Kura zilikimbilia FDP, 16.2, na Kijani, 13.7. Watu walimwadhibu Ypsilanti bila kumsamehe Koch. CDU na FDP wakapata wingi wa kutosha, Koch akachaguliwa Februari, na mwaka 2010 akaondoka mwenyewe, akaja Volker Bouffier.

Kura zilihesabiwa vizuri kweli, kwa tofauti ndogo hivyo?

Sehemu kubwa ilikuwa karatasi, zinahesabiwa kituoni hapo hapo baada ya saa 12 jioni na mtu yeyote anaruhusiwa kusimama kuangalia, hata wewe mgeni. Ila halmashauri chache za Hesse zilitumia mashine za kupigia kura mwaka ule, na wataalamu wa kompyuta walilalamika kabla kwamba mpiga kura hana njia ya kuhakiki kilichoingia ndani. Mahakama ya jimbo haikuzizuia. Lakini tarehe 3 Machi 2009 Mahakama ya Katiba ya Ujerumani, kwenye kesi ya uchaguzi wa bunge wa 2005, ikasema matumizi ya mashine zile yalivunja katiba kwa sababu raia wa kawaida asiye mtaalamu lazima aweze kufuatilia kuhesabiwa kwa kura. Hukumu nzuri sana ile. Tangu hapo Wajerumani wako na karatasi na penseli.

Hesse imewahi kuwa na matokeo ya karibu hivyo tena?

Ndio, na zaidi. Tarehe 28 Oktoba 2018 Kijani na SPD wote walipata asilimia 19.8, na hesabu ya mwisho ilipotoka Kijani walikuwa nafasi ya pili kwa kura 66. Sitini na sita, jimbo zima. Serikali ya CDU na Kijani ikaendelea kwa viti 69 kati ya 137, kimoja tu zaidi ya upinzani wote.

Ndio, CDU na Kijani. Walianza kutawala pamoja Januari 2014, na naibu waziri mkuu, waziri wa uchumi na usafiri, alikuwa Tarek Al-Wazir, yule yule wa kwenye bango. Miaka sita tu ilikuwa imepita.

Mimi nina pasi ya Kenya au Tanzania na naishi Hesse, naweza kupiga kura ya jimbo?

Kwa pasi hiyo hapana. Lazima uwe raia wa Ujerumani, na Hesse umri ni miaka 18 (baadhi ya majimbo ni 16). Tangu tarehe 27 Juni 2024 Ujerumani inaruhusu kuomba uraia baada ya miaka 5 badala ya 8, na haidai uache pasi ya zamani. Ni kile kile ambacho saini za 1999 zilikisimamisha, robo karne ilipita. Kwa Mkenya ni rahisi kwa sababu katiba ya 2010 inakubali uraia pacha. Mtanzania mtu mzima, nyumbani ndo hawakubali, kwahiyo fikiria vizuri kabla hujajaza fomu.

Ukishakuwa raia hakuna kujiandikisha kwa ajili ya kura. Kama anwani yako imesajiliwa manispaa, barua ya kupiga kura inakuja yenyewe kwa posta wiki kadhaa kabla, usiitupe ukidhani ni tangazo. Siku ya kura ni Jumapili, vituo vinafunguliwa saa 2 asubuhi, nenda na barua na kitambulisho, na kama utasafiri omba kura ya posta mapema kupitia maelezo yaliyoko kwenye barua hiyo hiyo.